Kitabu Ambamo Mama Hakohoi

Nje ya duka la kinyozi wetu kuna benchi refu la mbao, mguu mmoja umeongezewa kipande cha tofali, na juu yake kila alasiri huamuliwa mambo yaliyowashinda wanaolipwa kuyaamua. Mimi nina duka la dawa mlango wa pili. Wateja wakikauka namwachia msaidizi kaunta, navuta kiti changu mwenyewe maana benchi limejaa, na nachukua kikombe kwa muuza kahawa, bwana mpole tunayemwita Birika kwa ajili ya chombo chake. Kuna Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri. Alikuwa tarishi katika ofisi ya elimu mpaka akastaafu, na kubeba mafaili ya wakubwa muda wote ule kulimwachia sauti yao. Kuna Gundi, fundi viatu, anayeshona huku akibisha. Mimi wananiita Daktari. Nimewaeleza mara nyingi kwamba chuo kikuu nilisomea madawa, si udaktari, wakanijibu nisijishushe. Na kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye haketi. Husimama mlangoni mashine mkononi, mwili kazini, masikio yote mawili nje.

Ndani, chini ya kioo, Kinyozi ana rafu ya vitabu vya watoto. Aliianzisha kwa sababu watoto waliokuwa wakisubiri zamu walichezea swichi. Binamu yake anafanya kazi kwenye ghala la vitabu, na kila shule zinapokaribia kufunga humletea katoni ya vitabu vipya vilivyojikunja pembe, visivyoweza kuuzwa. Ukutani nje ametundika ubao mweusi, ameandika kwa chaki TUNAPENDEKEZA, na chini yake safu mbili: Kwa Wadogo, Kwa Vijana. Wazazi wa mtaa mzima huusoma wakipita. Safu ya wadogo haikosi kitu. Ya vijana imekaa tupu muda mrefu, na kila mtu pale benchini anajua kwa nini, ila hatulitaji: kijana ambaye safu ile iliandikiwa ni mmoja tu, naye ni binti wa Kinyozi.

Binti ndiyo kwanza ameanza sekondari. Mama yake alifariki mwaka jana. Zamani akitoka shule alipitia hapa, akaketi sakafuni chini ya rafu na miguu ameinyoosha hadi wateja wanairuka, akasoma mpaka baba yake anafunga. Hata baada ya msiba hakuacha; kwa kweli alizidisha. Kisha ghafla akakoma. Siku hizi hupita njia ya nyuma, moja kwa moja nyumbani. Kinyozi akifika hukuta chakula kimefunikwa mezani na mlango wa chumba cha mtoto umefungwa. Hayo hakutuhadithia kwa mpangilio. Yalimtoka kidogo kidogo, huku akinyoa vichwa vya watu wengine.

Benchi lilikuwa limeshatoa hukumu: mtoto ameumizwa na vitabu. Ushahidi wao ulikuwa kitabu kimoja chenye picha ya msichana aliyebeba beseni. Kinyozi aligundua binti yake anakisoma, hakupenda alichokiona ndani, akakiondoa kimyakimya na kukileta benchini. Gundi alitusomea. Mama anakohoa mwanzoni kabisa, anakohoa tena, katikati anakufa. Walipofika mazishini wakafunga kitabu. Na kwa kuwa binti aliacha kusoma wiki ile ile, walijumlisha, wakapata jibu, na tangu hapo hakuna kitabu kinachopanda rafuni bila kupitia mikononi mwao.

Kazi yenyewe huifanya hivi. Wanasoma mpaka wamfikie mama. Mama akiwa mzima, anafoka, anatuma watoto dukani, kitabu kinapita. Akikohoa, kinatoka. Niliwaambia kikohozi kina dawa, na mwenye kuiuza ni mimi. Waziri akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni huku nje, si vitabuni. Vitabuni hajawahi kumwona mama aliyekohoa akapona.

Siku ninayoisimulia katoni mpya ilikuwa imefika. Kinyozi aliiweka benchini katikati ya Waziri na Gundi, akarudi kwa mteja wake, karani mmoja mwenye haraka, akaanza kumnyoa upande wa kushoto. Sauti yake ikatujia juu ya mlio wa mashine.

— Leo nataka kimoja tu cha vijana. Hata kikiwa kimoja. Shule zinafunga, atakaa ndani peke yake likizo nzima.

Waziri akavaa miwani. Gundi akaweka kiatu chini, akafuta mikono, akatoa kitabu cha kwanza, chenye baiskeli juu ya jalada.

— Mama yupo? akauliza Waziri.

— Yupo. Anafua.

— Anafuaje?

— Kwa mikono, atafuaje tena.

— Nauliza anafua kwa nguvu zake, au anafua huku ameshika kiuno?

Gundi akarudi kwenye ukurasa, kidole kikitembea chini ya maneno.

— Ameshika kiuno.

— Toa.

Nikasema mimi hushika kiuno kila jioni nikifunga duka, na bado nipo.

— Wewe hujaandikwa, Daktari, akasema Waziri. Mtu akishaandikwa ameshika kiuno, ujue mwandishi ana jambo lake.

Kitabu cha baiskeli kikaenda chini ya benchi. Cha pili nacho, kwa sababu mama alikuwa amelala mchana. Cha tatu mama alikuwa safarini, na hapo wakabishana kwa kirefu, Gundi akisema safari si ugonjwa, Waziri akisema safari ndiyo mbaya zaidi, kwani angalau mgonjwa unamwona. Kikatoka.

Niliinama nikavipekua vilivyokuwa chini. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, vingi vikiwa vya kuchosha, na naijua ladha ya kitabu chenye mtu ndani yake. Vile vya chini vilikuwa na watu. Mmoja alimwibia kaka yake shati akakosa raha mwezi mzima. Mwingine alimchukia bibi yake, akaona haya, akaendelea kumchukia. Vilivyopita, vilivyobaki juu ya benchi vikisubiri heshima ya kuandikwa ubaoni, vilijaa sungura wenye adabu. Benchi zima lilikuwa linapepeta, na kinachohifadhiwa ni makapi. Nililiona hilo waziwazi, nikanywa kahawa yangu.

Kazi ilipokwama, nadharia zikaanza. Waziri alieleza kwamba tatizo ni hadithi za sasa kuishia hewani. Enzi zake kitabu cha mtoto kiliisha na funzo, mtoto akajua wapi pa kusimama. Leo mtoto anaachwa njiapanda na hakuna wa kumvusha. Gundi akasema hapana, tatizo ni zawadi. Waandishi wanashindania zawadi, na waamuzi wa zawadi hawampi mtu kitu mpaka aue. Alikuwa amefanya uchunguzi wake mwenyewe: kila jalada lenye ile nembo ya dhahabu, ndani yake lazima kuna jeneza. Birika, ambaye husoma kwa shida lakini husikiliza kuliko sisi sote, akasema pengine ni harufu. Vitabu vipya vina harufu kali ya kiwandani, na harufu huingia kichwani kabla ya maneno. Waziri akaahidi kulifikiria. Gundi, kwa jina lake na kazi yake, akachukulia kwamba anasemwa yeye.

Kisha Gundi akapata wazo, na nilijua ni baya kwa jinsi alivyolipenda.

— Tunahangaika bure kukagua mama mmoja mmoja. Tumtafutie kitabu kisicho na mama kabisa.

— Cha yatima?

— Ndiyo. Huyo tayari hana.

Birika alikuwa anamimina. Hakuinua kichwa.

— Yatima ndiye mwenye mama kuliko wote, ndugu yangu. Anamtaja kila ukurasa.

Ndani, mashine ya Kinyozi ilinyamaza, ikawaka tena.

Wakatafuta kisicho na mama. Waziri mwenyewe ndiye aliyekiona: roboti anayekwenda mwezini, jalada la fedha linalong'aa, kimeandikwa wazi kuwa ni cha vijana. Alikishika juu kama mtu aliyeshinda kesi. Chuma hakizaliwi, alisema, hakinyonyeshwi, hakiugui.

— Kimeundwa na nani? akauliza Birika.

Gundi akafunua.

— Na mama mmoja mwanasayansi.

— Anaumwa?

Gundi akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

— Haumwi. Ila betri inaisha.

— Betri ya mama?

— Ya roboti. Mama ndiye anayelia.

Waziri akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akafikiri.

— Kwa hiyo hapa anayeondoka ni mtoto. Kanuni yetu haijasema chochote kuhusu mtoto.

— Hapana, akasema Kinyozi mlangoni.

Hatukujua kama alikuwa ametoka. Alisema neno hilo moja na kurudi ndani.

Roboti akaenda chini ya benchi. Wakajaribu samaki, Gundi akitetea kwamba samaki hutagwa akaachwa, hata akikutana na mama yake majini hampi salamu. Waziri akaona huko kuachwa si jambo la kumpa mtoto wakati wa likizo. Wakajaribu mlima unaotema moto. Mlima hauna mama, lakini chini yake kuna kijiji, na Gundi alipofungua picha ya kijiji aliwaona akina mama wanakimbia. Hapo hata yeye akachoka.

Kilichobaki chini kabisa ya katoni kilikuwa kitabu cha mawe. Picha za rangi, karatasi nzito, jiwe hili limetoka wapi, lile limeundwaje. Gundi alikipitia mwanzo mpaka mwisho, na hicho ndicho kitabu pekee nilichowahi kumwona akikimaliza.

— Humu hakuna aliyezaliwa, akasema.

— Basi ndicho, akasema Waziri.

Kinyozi akatoka. Akamwomba karani radhi, kwamba anakuja sasa hivi, akachukua chaki, na kwenye safu iliyokuwa tupu akaandika kwa mwandiko wake wa kuinamia upande: Mawe ya Dunia. Akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama mstari umenyooka. Mwanamume mzima, mikono inayojua kupita nyuma ya sikio la mtoto mchanga bila kumwamsha, na hicho ndicho alichompatia binti yake.

— Atakipenda? akauliza, bila kumwuliza mtu maalumu.

Ningeweza kunyamaza. Nilishanyamaza vya kutosha alasiri ile.

— Kinyozi, nikamwambia, mtoto huyo anajua kwamba mama yake amekufa. Hakuna kitabu kitakachomvujishia habari hiyo.

Gundi alinitazama kana kwamba nimemwaga maji mezani. Kinyozi alisugua vidole kuondoa chaki.

— Najua anajua, Daktari. Mimi ndiye nisiyeweza. Nikimwona anasoma kitu kama kile, itabidi nikae pale niseme neno. Nitasema nini?

Hapo ndipo benchi lingetakiwa kuzungumza. Waziri aliomba kahawa nyingine. Kinyozi akarudi kwa karani.

Msichana alifika wakati huo. Sare ya shule, sweta lenye mikono mirefu kuliko yake, nywele zimesukwa, ndiyo maana hatukuwahi kumwona akiingia. Hakuwa na shida na kinyozi. Alisimama mbele ya ubao akasoma safu ya vijana, akasoma tena, kisha akatugeukia akatuamkia vizuri. Tukaitikia.

Akajieleza. Anakaa dawati moja na binti wa Kinyozi. Mwenzake hajui kwamba amekuja, na tafadhali asiambiwe. Kila siku akienda nyumbani hupita barabara hii, na kila asubuhi mwenzake humuuliza kama safu yao imeandikwa kitu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuna kitu.

— Lakini ni mawe, akasema. Si kwa ubaya.

Waziri akamweleza kwamba mawe yana mengi. Msichana akakubali kwa heshima kwamba huenda yanayo. Ila yeye alikuja kwa ajili ya kitabu kingine, cha msichana na beseni, kama tunacho kile au nakala nyingine.

Alitusimulia huku akivuta mikono ya sweta. Kitabu kile walikuwa wanakisoma wawili, wakati wa mapumziko, nyuma ya darasa, kwa zamu: huyu ukurasa, yule ukurasa, kwa sauti. Mwenzake ndiye aliyetaka hivyo. Akifika mahali pagumu alimpa yeye asome, akasikiliza macho ameyafumba, kisha akakichukua tena. Siku moja kikatoweka kwenye begi. Mwenzake alimwaga begi lote sakafuni. Alipekua madawati, akagombana na msichana mmoja aliyemshuku, mpaka leo hawasemeshani. Hakikuonekana.

— Anasema kilikuwa cha dukani kwa baba yake, na baba ana mambo mengi, na yeye amekipoteza. Anasema hana uso wa kuja kuchukua kingine.

Mashine ya Kinyozi ilikuwa inaendelea kulia, lakini hewani, mbali na kichwa cha mtu. Gundi alikuwa ameshika kiatu ambacho hakikuwa na kasoro yoyote, akikigeuza.

— Kama mnacho nitasomea hapa hapa, akasema msichana. Sitaondoka nacho.

Waziri akakohoa kidogo, akajinyoosha, akaanza kueleza kwa sauti ya ofisini kwamba kitabu hicho kiliondolewa kwa muda, kupisha tathmini, na kwamba wahusika...

— Hakipo, nikamkatiza. Mwambieni mtoto hakipo.

Gundi ndiye aliyemwambia, akikitazama kiatu. Walimpa dereva mmoja wa lori aliyekuja kunyolewa, awapelekee watoto wake. Hakuwa mtu wa hapa. Hakurudi tena.

Msichana alilichukua hilo kama watoto wanavyochukua habari za watu wazima, kwa kutulia, akitafuta njia nyingine.

— Basi mnisimulie tu, nikamsimulie. Sisi tuliishia mazishini. Yule dada anafanyaje baada ya pale?

Niliwatazama wenzangu mmoja baada ya mwingine, na nikajua uso wangu nao unaonekanaje. Waliokisoma walikuwa wamekifunga pale pale. Waliowasikiliza, nikiwemo mimi, hatukuwahi kuuliza zaidi.

— Anasoma kwa bidii, akasema Waziri. Anakuwa mtu mkubwa.

— Umefika huko, babu?

Waziri alivua miwani, na bila miwani alikuwa mzee tu.

— Tulibishana, akaendelea msichana, sasa akimweleza zaidi Birika, aliyekuwa na uso rahisi kuuongelesha. Mimi nilisema atabaki na baba yake. Yeye akasema hapana, ataondoka, ataenda kwa shangazi yake. Kwa sababu yule baba wa kwenye kitabu tangu mazishi haongei. Anaingia, anakula, analala. Mwenzangu alisema mtu huwezi kukaa na mtu hivyo. Nikamwambia subiri, labda mbele anaongea. Ndipo kitabu kikapotea.

Mashine ikazimika. Kinyozi akatoka mlangoni, nywele za karani zimemganda mkononi. Alimwangalia msichana, akaangalia barabara, akamwangalia tena. Aliongea chini sana.

— Hakukipoteza. Nilikitoa mimi kwenye begi, amelala. Mwambie hivyo, mwanangu. Mwambie baba amesema hakukipoteza, na kwamba hana kosa. Utamwambia?

Msichana alimtazama jinsi unavyomtazama mtu anayekuuliza njia ya kwenda kwake. Wala hakuwa na jeuri. Alitaka kuelewa ili akafikishe ujumbe vizuri.

— Kwani nyumbani hamwonani, baba?

Kinyozi alifungua mdomo. Gundi alikuwa karibu yake kuliko sisi, na hata yeye hakumpa neno la kuanzia. Tulikaa hivyo, mimi na digrii yangu, Waziri na sauti yake, hadi karani akageuka kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa ukiwa safi na mwingine bado, akauliza kama asubiri au aje kesho.